Nukta Moja Chini

Karatasi ya kwanza niliyomtumia Bi Mkubwa ilirudi siku ileile, ndani ya kikapu kilekile, imegeuzwa. Nyuma palikuwa na mstari mmoja wa herufi za Kiarabu kwa kalamu ya risasi. Nikadhani ni dua. Nikaibusu, nikaiweka juu ya kabati kama nilivyofunzwa chuoni. Usiku udadisi ukanishinda, nikaishusha, nikafuata herufi mojamoja kwa kidole.

"Ya Kizungu siyajui. Andika kama watu."

Kilikuwa Kiswahili! Nilikuwa na miaka 15, nimehitimu Qur'ani, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba herufi zile zinaweza pia kuulizia bei ya nazi.

Ulikuwa mwaka 2020. Shule zilifungwa katikati ya Machi. Mimi, wa kidato cha pili, sikurudi darasani hadi Januari ya mwaka uliofuata. Watalii walikatika Lamu, dau la baba likabaki limefungwa gatini kama punda mgonjwa. Na katika nyumba ya pili, iliyoungana na yetu kwa wikio, kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro kutoka ukuta hadi ukuta, Bi Mkubwa alikuwa hatoki. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu zamani, na wanawe, mmoja Mombasa na mmoja Muscat, walitoa amri kwa simu: asiingie mtu. Msichana wa kazi alikuwa akiacha sinia ngazini na kuondoka. Simu yenyewe haikumfaa yeye. Masikio yalikuwa yamechoka. Ungepiga kelele mpaka wa Mkunguni wakusikie, naye akajibu jambo jingine kabisa.

Kabla ya hapo, Alasiri haikupita kwake bila wanawake wanne watano, kahawa, na kofia za kushona. Sasa mama alimsikia dirishani akimsimulia paka habari za mazishi ya mtu aliyekufa kabla mimi sijazaliwa. Paka hakuwa hata wake.

"Muandikie kitu," mama akaniambia. "Lolote."

Basi nikaandika kama watu. Kuandika kulikuwa rahisi kuliko kusoma. Kiarabu kina irabu tatu, sisi tunazo tano, kwa hiyo *e* na *i* hukaa pamoja kwenye kasra, na *o* na *u* hugawana dhuma. Na herufi ya ba, yenye nukta moja chini, Bi Mkubwa aliitwika mzigo wote: ni *b*, ni *mb*, ni *p*, msomaji achague mwenyewe. Nilipolalamika alinijibu, "Utajua kwa maana." Rahisi kusema, kwa mtu aliyefunzwa na mamake tangu utotoni. Ndizo hati za utendi ambao Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye mwaka 1858, mama mgonjwa akimwambia mtoto asogee na wino na karatasi. Shuleni tuliusoma kwa herufi za Kizungu, wala sikumbuki kuambiwa kwamba haukuzaliwa nazo.

Yeye hakusema barua, alisema waraka. Kila waraka ulianza kwa salamu ndefu, kwangu, kwa mama, kwa kaka, kwa walio karibu na walio mbali, halafu "ama baada ya salamu", halafu habari yenyewe mistari mitatu. Siku moja: "Nimehesabu boriti za dari ya ndani, ni ishirini na tatu. Jana zilikuwa ishirini na mbili. Niambie siku gani nimesema uwongo."

Sikucheka. Nilipanda kwetu nikahesabu zetu, nikamuandikia: kumi na tisa, na moja imeliwa na mchwa.

Tukaendelea hivyo. Kamba ikishuka, kikapu cha ukili kikigota ukutani, najua ni yeye. Pamoja na waraka alikuwa akitia kikuba, karatasi zikaja zinanukia asumini na rehani, na kaka akatangaza mtaa mzima kwamba nina mchumba. Aliuliza nani kaoa, nani kafa, kama yule punda mwenye mimba kazaa. Mimi nilimuandikia yale nisiyoweza kumwambia mama, kwamba naogopa sitarudi tena shule. Alinijibu ukurasa mzima, bila salamu. Huo ndio waraka mmoja ambao sitausimulia hapa.

Julai misikiti ikafunguliwa kwa masharti: watu wasizidi 100, muda usizidi saa moja, na umri uwe kati ya miaka 13 na 58. Mzee wa nyumba ya mkabala alikuwa ameipita hiyo 58 zamani. Alitoa mswala wake akasali barazani kwake, akimfuata imamu kwa spika. Bi Mkubwa alimuona kutoka juu, akaniandikia maneno mawili matatu tu: "Sasa tuko wawili."

Jambo ambalo bado sijalisema ni kwamba baba alikuwa hajatia mguu nyumba ile kwa miaka minne. Maji ya mvua yalikuwa yakishuka kutoka wikio la Bi Mkubwa, yakila chokaa ya ukuta wetu. Baba alimwambia yule mwanawe wa Mombasa atengeneze, maneno yakawa makali, na Bi Mkubwa akasimama na mwanawe. Mama gani asingesimama? Tangu hapo baba akipita kichochoroni alitazama mbele tu. Nyaraka zangu alizijua. Hakuzikataza, hakuziuliza.

Ndipo ukaja ule wa wiki ya mwisho ya Julai. Niliusoma mara tatu.

"Ama baada ya salamu, niletee baba. Ni siku nyingi sijamuona ndani ya nyumba hii, na nimemkumbuka mno."

Baba alikuwa ukumbini anashona tanga ambalo halikuwa na safari. Nikampa karatasi. Akaisogeza kwenye mwanga, midomo ikicheza, akaisoma mpaka mwisho, akarudi juu.

"Kaandika mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Akachomeka sindano kwenye tanga. Akaenda kuoga. Alitoka na kanzu ya Idi na kofia ya vito, barakoa mkononi, akanuka udi. Mama alimtazama akipita, hakusema neno, akaniangalia mimi.

Chini ya dirisha baba alikohoa. "Masalkheri, Bi Mkubwa!"

Kichwa kikatokeza. "Nani?"

"Ni mimi. Nimeitika."

"Umetekwa? Umetekwa na nani?"

"Nimeitika! Umeniita!"

Sasa madirisha mengine yakafunguka, maana Lamu kichochoro hakifichi kitu. Bi Mkubwa akanitazama mimi. "Nimekuandikia nini?"

Nikasoma kwa sauti yangu yote, watu wakisikiliza: niletee baba, ni siku nyingi sijamuona, nimemkumbuka mno. Bi Mkubwa akatia ncha ya mtandio mdomoni. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Papa, mwanangu! Papa! Papa mkavu, wa kupika!"

Mtaa ulicheka. Mimi nilitamani kikapu kinifunike. Baba alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake, na nilipoona masikio yake yamekuwa mekundu nilijua nimeharibu jambo ambalo halitatengenezeka tena. Aligeuka.

"Wapi?" Bi Mkubwa akamwita. Kicheko kilikuwa kimekwisha sautini. "Ushakuja. Basi kaa."

Baba akasimama kidogo. Kisha akakunja kanzu, akakaa kwenye daka la mlango wake, yeye chini, Bi Mkubwa juu.

"Ukuta wenu vipi?" lilikuwa swali lake la kwanza.

"Bado unakula maji!"

"Naona. Nakaa hapa mchana kutwa nauangalia."

Yaliyofuata sikuyasikia yote, nilikuwa nimekimbilia ndani. Nilisikia jina la marehemu babu likitajwa, na habari ya jahazi moja lililovunjika zamani, na baba akipaza sauti akirudia neno lilelile mara tatu mpaka lishike. Adhana ya Magharibi ilimkuta palepale.

Mpaka leo sijui. Mtu aliyezaliwa kwa wavuvi, akalishwa papa tangu anaota meno, aushike waraka ule mwangani kwa muda wote ule, asiwaze hata mara moja kwamba ni samaki? Nimemuuliza. Hujibu, "Palikuwa na nukta moja."

Kesho yake alikwenda sokoni, akarudi na papa mkavu. Mama akamroweka, akampika kwa nazi, bakuli likapanda kwa kikapu. Nami nikamuandikia Bi Mkubwa kwamba Waajemi wana pe yao, ba yenye nukta tatu chini, tuitumie, tusije tukaaibika tena. Alikataa. Alisema nukta zote hizo zinafanya karatasi kama iliyopitiwa na sisimizi. Siku tatu baadaye akaanza kuzitia, kwa wino mwekundu, na kuzikoleza kwa makusudi ili nione anavyoteseka.

Mwezi wa Agosti umeme ulikatika, na kikapu kikagota ukutani wakati tayari giza limeingia. Waraka ulikuwa mfupi. Salamu, ama baada ya salamu, niletee, na neno lile. Nikasogeza mshumaa, nikatafuta wino mwekundu. Haukuwapo. Nikahesabu nukta, nikahesabu tena, halafu nikapanda kumwita baba.