Popo wawili, kilohezi kumi tu

Ukimwona popo mdogo akizunguka taa ya barabarani Uingereza, usikimbilie kusema ni Pipistrellus pipistrellus. Hadi miaka ya 1990 yeye na Pipistrellus pygmaeus walihesabiwa spishi moja. Mlio ndio uliowatenganisha: wa kwanza hulia kwa nguvu zaidi karibu na kilohezi 45 (kipimo cha wembamba wa sauti), wa pili 55.

Washa ditekta, kile kifaa kinachogeuza mlio wa popo uweze kusikika na mtu, anzia 45, kisha zungusha kitufe polepole juu na chini. Tafuta pale mlio unapokuwa mzito, wa majimaji, kama tone nene likianguka kwenye sinia. Si pale unapokuwa na kelele zaidi. Wengi huteleza hapo. Pia, popo akiingia karibu na matawi hupandisha mlio, kwa hiyo yule wa 45 anaweza kusomeka 49 au 50. Msubiri apite mahali peupe. Akibaki kwenye 50, andika tu "Pipistrellus" bila jina la pili. Hakuna aibu.

Kwa macho ni kazi kweli, maana wote wawili ni wa gramu chache tu. Pipistrellus pipistrellus uso wake mweusi, kama kajipaka masizi. Pygmaeus ana uso wa hudhurungi yenye uwaridi, na katikati ya tundu za pua ana kituta kidogo cha nyama. Kituta kiaminiwe kuliko rangi. Huyu pia hupenda sana kingo za mito na maziwa.

Kumshika popo kunahitaji kibali, na glavu: baadhi ya popo wa Ulaya hubeba virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa.