Kusi na Pazia la Ngome Kongwe

Juzi mwanangu alikuwa ananisaidia kuanika. Shuka ikajaa upepo hadi vibanio vikaruka, akauliza, "Mama, huu upepo wa Julai una nini?" Nikamjibu ni kusi, likaishia hapo. Ila jioni nzima nilikuwa namuwaza ami, na ile siku ya tamasha la filamu Zanzibar.

Mchana wake ulipita mbio: filamu fupi, mjadala wa waongozaji, glasi ya juisi ya miwa Forodhani. Tamasha la Nchi za Jahazi, ambalo wengi tunaliita ZIFF tu, lilianza 1998, na kwa miaka mingi lilifanyika Julai. Masika yamekwisha, anga kavu, na mvua ndiyo adui mkubwa wa sinema ya uwanjani. Lakini miezi hiyohiyo ndiyo ya kusi, na ndani ya Ngome Kongwe, ile ngome ya Mji Mkongwe ambamo filamu huonyeshwa uwanjani, upepo unaruka kuta zile ndefu kisha unaanguka kwa mikupuo, hujui utatokea upande gani.

Ami alikuwa na mafundi wa pazia la sinema. Alasiri nilikaa kwenye ngazi za mawe nikawatazama wakilifunga kwenye fremu ya mabomba. Pembe nne kwanza, kisha katikati ya kila upande, kisha mbele na nyuma kwa kupokezana, ili kitambaa kisiweke mikunjo. Juu walikaza kamba. Pembeni na chini ami alitaka vipande vya tyubu ya baiskeli tu, vimepitishwa kwenye kila pete. Kamba haina huruma: upepo ukija, ama pete inachanika ama fremu nzima inalala. Pazia la mita 6 kwa 4 ni tanga. Upepo wa mita 10 kwa sekunde unalisukuma kwa uzito unaopita kilo 140, na hapo hujahesabu mkupuo wa ghafla. Kwa hiyo kamba za kuzuia fremu zilivutwa mbali, nyuma na mbele, na kwenye kila mguu wakalaza magunia ya mchanga.

Jua la Julai linazama kama saa 12 na dakika 20, lakini picha haina rangi mpaka giza lishike. Filamu kubwa ilianza baada ya isha.

Katikati ya mazungumzo ya mama na bintiye, mkupuo ukaja. Pazia likatuna. Uso wa yule mama ukavimba, pua ikatusogelea, maandishi ya chini yakapinda na katikati pakawa ukungu mtupu. Kijana wa projekta akanyoosha mkono kwenye lenzi. "Usiiguse, mwanangu," ami akamwambia, sauti ya chini kabisa. "Lenzi haina kosa." Na ni kweli: lenzi imepimwa kwa pazia lililonyooka. Ukiirekebisha ili kulifuata lililotuna, upepo ukitulia picha yote imeharibika, na utaanza kuitafuta upya mbele ya watu. Ami akainama akapita chini ya mwanga asije akatia kivuli, akafika ukingo wa chini, akafungua tyubu mbili za katikati. Upepo ukapata pa kutokea. Kitambaa kikatikisika, kikatulia, uso ukarudi uso. Dada aliyekaa pembeni yangu hakuacha hata kutafuna karanga zake.

Sijapata kuona ustadi wa namna ile ukisifiwa jukwaani, na naona unastahili.

Wapo wanaosema maonyesho yote yaingizwe ukumbini, ambako pazia halitikisiki na sauti haiibwi na upepo. Wana hoja, hasa kwa mtengeneza filamu aliyehangaika miaka na kila kivuli cha picha yake. Ila ukumbi una mlango, na mlango una mtu wa kukuuliza unakwenda wapi. Pale Ngome nimeona wabeba mizigo na mabibi na vitukuu wao wakikaa ngazi moja na wageni. Nikiulizwa nichague, mpaka leo nasitasita.