Mosfeti mbili ziliungua kabla sijajua kusoma volteji ya geti

Mota yangu ya volti 12 ilikuwa ikivuta ampea 10 hivi, nami nilitaka kuiendesha kwa maikrokontrola (kompyuta ndogo ndani ya kipande kimoja) inayotoa volti 5. Nikachagua mosfeti ya IRFZ44N, yaani swichi ya kielektroniki inayofunguliwa ipitishe umeme kwa volteji kwenye mguu wake uitwao geti, maana karatasi yake ya vipimo ilisema geti huanza kufunguka kati ya volti 2 na 4. Volti 5 nikaziona zinatosha na kubaki. Mota ikazunguka kwa unyonge, na haukupita muda harufu ya kuungua ikajaa chumbani. Nikafunga nyingine, nayo ikafa.

Hapo ndipo nilipoisoma karatasi ile neno kwa neno. Zile volti 2 hadi 4 hupimwa mkondo ukiwa mikroampea 250 tu. Ni kama mlango uliopata ufa, haujafunguka. Ukinzani mdogo wa miliomu 17.5, ule ulionivutia, hupatikana geti ikiwa na volti 10. Kwa volti 5 mosfeti yangu ilibaki nusu wazi, ikibeba volteji na mkondo kwa pamoja, na joto lote likazaliwa humo.

Nikahamia IRLZ44N, iliyotengenezwa kwa geti ya volti 5. Hapo ukinzani wake haupiti omu 0.025. Ampea 10 kwa kipeo cha pili, mara 0.025, ni wati 2.5. Hitisinki ndogo, kipande cha chuma cha kutawanya joto, iliweza.

Kisha nikataka kupunguza kasi ya mota kwa kuiwasha na kuizima mara 20,000 kwa sekunde, na joto likarudi. Hili lilinisumbua zaidi, na jibu nililipata katika historia ya kifaa chenyewe. Mosfeti ya kwanza, ya Mohamed Atalla na Dawon Kahng wa Bell Labs mwaka 1959, mkondo wake ulipita juu juu kwenye uso wa silikoni. Katika miaka ya 1970 wahandisi waliugeuza upite wima, sosi (mguu mmoja wa mkondo) juu na dreni (mguu wa pili) chini, na kipande kimoja kikajazwa maelfu ya vijimosfeti vilivyounganishwa sambamba. Nguvu zikaja kwa njia hiyo (ubunifu ninaouheshimu sana), lakini geti zote hizo ni kapasita, kama chombo cha chaji ya umeme, inayotaka kujazwa kwa pamoja.

Geti ya IRLZ44N yangu inahitaji hadi nanokulombu 48 za chaji. Pini ya maikrokontrola inayotoa miliampea 20 huzijaza kwa mikrosekunde 2.4. Mzunguko mzima ni mikrosekunde 50, nayo hujazwa na kumwagwa kila mara, kwa hiyo karibu sehemu moja ya kumi ya muda ilikuwa ikipita katika ule unusu wazi. Nikaweka draiva ya geti, kifaa cha kusukuma mkondo mkubwa ndani ya geti, yenye ampea 1, na mikrosekunde zikawa nanosekunde 48.

Nimeongeza dayodi, kifaa kinachopitisha mkondo upande mmoja tu, kwenye mota, kwa sababu koili ikikatiwa umeme hurusha volteji kubwa, na rezista ya kiloomu 10 kutoka geti hadi sosi ili mota isishtuke maikrokontrola inapoamka. Sasa inazunguka saa nzima, na kidole changu kinakaa juu ya hitisinki bila kuungua.