Tangi Dogo Kati ya Tangi Kubwa na Injini

Gari tunaloliandaa kwa ajili ya mbio za lami ni Subaru Impreza yenye injini ya EJ20 ya turbo, na kwa muda mrefu lilikuwa na ugonjwa mmoja: petroli ilipobaki robo ya tangi, injini ilikatika kwa sekunde moja au mbili katikati ya kila kona ndefu, kisha ikarudi kana kwamba hapakuwa na jambo. Katika gari la kwenda sokoni, hilo ni kero tu. Katika injini ya turbo inayokanyagwa hadi mwisho, sekunde hiyo inaweza kuimaliza injini, kwa sababu hewa inaendelea kusukumwa ndani huku petroli ikipungua, joto la silinda linapanda, injini inaanza kugonga, na pistoni inaweza kupasuka kabla dereva hajainua mguu.

Chanzo hakikuwa pampu. Gari likikata kona kwa nguvu ya pembeni iliyo sawa na mvutano wa dunia, yaani g 1, uso wa petroli ndani ya tangi huinama nyuzi 45. Tangi la Impreza lina umbo la tandiko, kwa kuwa propela shafti, yaani mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, hupita chini yake, hivyo petroli hukimbilia bonde moja na kuiacha pampu ya bonde la pili ikivuta hewa. Dawa yake ni tangi dogo la kati: pampu ya presha ndogo huvuta petroli kutoka tangi kubwa na kulijaza hilo dogo wakati wote, na pampu ya presha kubwa huvuta kutoka sakafu ya tangi dogo kwenda kwenye injekta, yaani vinyunyizi vya petroli vya injini.

Watu wengi huanza kwa kuuliza tangi liwe la lita ngapi. Mimi naona swali la kwanza liwe petroli inapita njia gani na kwa kasi gani, na nililijua hilo kwa gharama. Karakana moja ilitutengenezea tangi safi la lita 2, lakini ili kuokoa mpira mmoja, mpira wa marejeo, yaani unaorudisha petroli ya ziada kutoka kwenye regyuleta ya presha (kidhibiti cha presha ya petroli), ukaachwa palepale ulipokuwa, yaani ukirudi kwenye tangi kubwa, nami nikakubali. Gari liliwaka vizuri, likanguruma chini ya dakika moja, kisha likazima. Tulinunua pampu nyingine, likazima vilevile.

Hesabu ingetuokoa fedha hizo. Pampu yetu ya presha kubwa husukuma lita 255 kwa saa, ambazo ni takriban mililita 71 kila sekunde, na inafanya hivyo hata gari likiwa limesimama, kwani kisichotumiwa na injini hurudishwa na regyuleta. Pampu ya kujazia ilikuwa ya lita 120 kwa saa, yaani mililita 33 kwa sekunde. Tangi la kati lilikuwa likipoteza mililita 38 kila sekunde, na kwa hiyo lita 2 ziliisha baada ya sekunde 53 hivi. Marejeo yakielekezwa kwenye tangi la kati lenyewe, petroli inayozunguka haipotei, na kinachotoka kweli ni kile tu kinachochomwa.

Kinachochomwa si kidogo, lakini kinakadirika. Injini ya turbo yenye nguvu za farasi 250, ambazo ni kilowati 186, ikitumia takriban gramu 365 za petroli kwa kila kilowati-saa, huchoma kama lita 92 kwa saa, yaani mililita 25 kwa sekunde. Lita 2 zinatosha kwa zaidi ya dakika moja, na hakuna kona ya namna hiyo. Ndiyo maana silipiganii tangi la lita 4 au 5, ambalo ni uzito mtupu nyuma ya gari. Ninachokipigania ni ziada ya pampu ya kujazia. Kona ya sekunde 4 hupunguza mililita 100. Pampu ya lita 120, mafuta yakiwa bado yamekanyagwa, hubakiwa na ziada ya mililita 8 kwa sekunde na huhitaji kama sekunde 13 kurudisha upungufu huo, ilhali ile ya lita 160 huhitaji sekunde 5 tu. Kwenye barabara yenye kona zinazofuatana, tofauti hiyo ndiyo kila kitu.

Kuhusu umbo, tulichagua mcheduara mrefu mwembamba wa alumini, wenye kipenyo cha milimita 100 na kimo cha milimita 250. Tundu la kutokea liko katikati kabisa ya sakafu, kwa sababu uso wa petroli ukiinama, upande mmoja hupanda na mwingine hushuka, lakini kina cha katikati hakibadiliki. Petroli ya kujazia huingia karibu na juu, ikielekezwa kuuzunguka ukuta, ili mapovu yapate nafasi ya kupanda badala ya kuzamishwa. Tundu la kufurikia liko juu kuliko yote, na mpira wake unaorudi tangi kubwa usiwe mwembamba kuliko ule wa kujazia. Ukiwa mwembamba, tangi la kati hujazwa presha ambayo halikuundiwa.

Nairobi inaongeza sharti lake. Tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hata maji huchemka karibu na nyuzi 94, na petroli iliyopashwa joto kwa kuzungushwa hugeuka mvuke mapema kuliko ingekuwa Mombasa. Pampu husukuma vizuri lakini huvuta kwa shida, na kuvuta huko ndiko huzaa mvuke. Kwa hiyo pampu ya presha kubwa tuliifunga chini ya tangi, ili petroli iiangukie kwa uzito wake yenyewe, na mkusanyiko wote ukakaa ndani ya sanduku la chuma kwenye buti, lililozibwa lisiruhusu mvuke kuingia anakokaa dereva.

Kabla ya kuliwasha gari, tulichomoa mpira wa kufurikia kutoka tangi kubwa, tukautia ndani ya mtungi wa petroli wenye alama za lita, tukaiwasha pampu ya kujazia, sasa ile ya lita 160, peke yake mpaka tangi la kati likajaa, kisha tukapima dakika moja kwa saa. Mtungi ulipokea lita 2 na nusu. Injini huhitaji lita 1 na nusu kwa dakika, kwa hiyo tukaurudisha mpira mahali pake na kukaza vibanio.