Mtoto ni Sehemu ya Kipande

Jumanne jioni mwalimu wetu wa uhasibu alitusimulia habari za Kampuni ya South Sea ya hapa London. Hisa zake zilianza mwaka 1720 zikiwa pauni 128 hivi, zikapaa hadi karibu 1,000, na mwaka haujaisha zikawa zimeporomoka. Hata Isaac Newton, yule mwanasayansi, aliungua. Darasa zima tukacheka: na akili zote zile, kaliwa kama sisi tunavyoliwa na upatu!

Nikauliza, kwani kampuni yenyewe ilikuwa inauza nini? "Ilifanya biashara na Amerika ya Kusini," akasema, akapeleka slaidi mbele.

Basi usiku sikulala, nasoma tu. Mwaka 1713 Uhispania iliwapa Waingereza haki ya kupeleka watumwa kwenye makoloni yake, na kazi ikakabidhiwa South Sea: 4,800 kwa mwaka, kwa miaka 30. Mateka wengine walinunuliwa kupitia Royal African Company, nayo ya London hiyohiyo, wakavushwa bahari hadi Jamaica, kisha Portobelo na Cartagena, bandari za makoloni hayo ya Uhispania. Wenye hisa wengi hawakuiona hata meli. Wengine walikuwa wanaidai serikali tu, madeni yao yakageuzwa hisa. Mfalme George I mwenyewe alikuwa gavana wa kampuni.

Ila kilichonikaba ni ile 4,800. Si watu. Mkataba ulihesabu "pieza", yaani vipande. Mtu mzima mwenye nguvu na afya, kipande kimoja. Mtoto, sehemu ya kipande. Mzee au mgonjwa naye anakatwa.

Mchana mimi huhesabu stoo kwenye ghala la vyakula. Katoni ikishafunguliwa, tunaandika 0.5. Juzi nimefika kwenye katoni ya maharage ya kopo, kalamu ikagoma. Nikawa namfikiria karani wa huko, anajumlisha watoto mpaka wanatimia kipande kizima, hesabu inakubali, anafunga leja anakwenda kula.

Alhamisi nimerudi na swali nimeliandika kabisa: katika mizania ya 1720, ile orodha ya mali na madeni ya kampuni, vile vipande vilikaa mstari gani? Mwalimu kaisoma karatasi mara mbili, kaikunja, kaitia mfukoni. Atanijibu wiki ijayo, kasema.

Wiki ijayo ni likizo.