Siku moja maishani mwangu: fundi wa vidhibiti vya MIDI, Kigoma

Saa moja asubuhi nafungua kibanda changu hapa Mwanga. Kazi ya kuunga waya kwa risasi naianza mapema, mikono ikiwa bado imetulia na umeme haujaanza kukatika. Wapita njia wanadhani natengeneza redio. Mimi natengeneza vidhibiti vya MIDI, lugha ambayo ala za muziki huongea na kompyuta: visanduku vya swichi vinavyoiambia kompyuta noti ipi ilie, kwa nguvu gani, na inyamaze lini.

Hadi saa tatu nimemaliza kanyagio la swichi nane la mpiga gitaa wa Ujiji. Limekubali mara moja.

Saa nne anaingia mwalimu wa kwaya kufuata kinanda chake cha vitufe 61. Bodi kuu iliungua umeme uliporudi kwa kishindo. Nimeitoa, nikaweka bodi yangu ya kusoma swichi. Akabonyeza.

“Fundi, mbona kimya?”

“Mwalimu, humu hamna sauti. Kinatuma ujumbe tu. Sauti itatoka kwenye laptopu yako, kama tulivyokubaliana.”

Nikachomeka waya wa USB, kikalia. Ndipo akaja na lake: “Kumbe sauti ni ya laptopu! Sasa hela yako ni ya nini?”

Swali hili huniuma kila nikiulizwa. Nikafungua mfuniko aone. Chini ya kila kitufe kuna swichi mbili, moja inagusa kabla ya nyingine. Bodi yangu inapima muda unaopita kati yake: ukiwa mfupi, umepiga kwa nguvu, ukiwa mrefu, umegusa taratibu. Muda huo ndio unaogeuzwa namba, 1 hadi 127. Swichi 122 zimepangwa kwa safu na mistari, kila moja na daiodi yake, kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ili ukishika noti tatu ya nne isilie bila kuitwa. Mchoro wa kiwandani sikuupata. Waya upi unakwenda wapi nilitafuta kwa mita ya kupimia umeme, mmoja mmoja, nikaandika daftarini.

Akatazama daftari, akanyamaza kidogo, akarudi kupiga. Sol iliyo juu ya do ya kati, namba 67 kwa hesabu ya MIDI, ikawa inapayuka hata akiigusa kwa kidole chepesi. “Umeona? Kibovu!”

Hiyo ni vumbi. Swichi ya kwanza inachelewa kugusa, muda unakuwa mfupi, bodi inadhani kitufe kimepigwa kwa nguvu. Sol ikiwa hivyo, jirani zake zinafuata, kwa hiyo nikavua mipira yote ya chini ya vitufe, nikafuta kila doa jeusi la kugusisha swichi kwa spiriti na pamba, huku mwalimu amekaa ubavuni, simu imewekwa spika, anapanga mazoezi na wanakwaya na kila akikata anaomba nipunguze bei. Umeme ukakatika. Tukaendelea kwa betri ya laptopu. Chakula sikula; adhana ya alasiri ilishapita, mgongo unawaka, na mpira wa mwisho haukai.

Ulipokaa, akapiga wimbo mzima, sehemu za chini kwa upole, kiitikio kwa nguvu, na kila noti ikamtii. MIDI ipo tangu 1983, na bado inatosha kuubeba mkono wa mpigaji namna ile.

Alimalizia malipo kwa simu, bei ileile. Wiki ijayo analeta kinanda cha mtaa wa pili. Nimemwambia aje na laptopu, na aje asubuhi.