Nukta inapotea, lakini shimo halionekani

Ndani ya kila jicho la binadamu kuna mahali pasipoona chochote. Ni pale nyuzi za neva ya jicho, takribani milioni 1, zinapokusanyika kutoka retina nzima, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na kuelekea kwenye ubongo. Kwa binadamu nyuzi hizo hupita mbele ya seli zinazopokea mwanga, kwa hiyo hazina budi kuitoboa retina ili zitoke, na penye tundu hilo hakuna seli ya kuona. (Pweza kaepukana na haya: nyuzi zake huanzia nyuma ya seli.) Mfaransa Edme Mariotte aliligundua doa hilo pofu katika miaka ya 1660. Wala si dogo. Lina upana wa digrii 5 hivi. Miezi mipevu 10 ikipangwa mstari mmoja angani ingeenea humo.

Kulipata ni rahisi. Kwenye karatasi nyeupe chora msalaba upande wa kushoto, na nukta nyeusi yenye upana wa sentimita 1 upande wa kulia, sentimita 8 kutoka kwenye msalaba. Ziba jicho la kushoto kwa kiganja. Kaza jicho la kulia kwenye msalaba, anza karatasi ikiwa umbali wa sentimita 50, kisha isogeze polepole. Ikikaribia sentimita 30, nukta itatoweka. Endelea kusogeza, nayo itarudi.

Isipotoweka, mara nyingi kosa ni jicho kuiparamia nukta. Kishawishi ni kikubwa, maana tumezoea kukitazama kile tunachokiwaza. Kosa la pili ni kuziba jicho la kulia badala ya la kushoto: doa pofu liko upande wa sikio, si wa pua, kwa hiyo nukta haitapotea hata ukisogeza karatasi mpaka puani. Karatasi ikiinama upande mmoja nukta hupita juu au chini ya doa. Wenye miwani mizito wabaki nayo, ila umbali unaweza kutofautiana kwa sentimita chache.

Sasa badili nukta. Chora mstari mrefu wa mlalo wenye pengo la sentimita 1 mahali nukta ilipokuwa, urudie. Mstari utaonekana mzima. Tumia karatasi nyekundu, na pale palipopotea nukta patakuwa pekundu. Hakuna giza, hakuna ukungu, hakuna ukingo wa shimo.

Hapo ndipo wataalamu wanapovutana. Mwanafalsafa Daniel Dennett alishikilia kwamba ubongo haupaki rangi yoyote. Haupokei habari za pale, basi hauulizi. Hoja nzuri, lakini naona inapita mipaka. Majaribio kwa nyani yameonyesha kuwa seli za sehemu ya kwanza ya kuona, kule kisogoni, zile zinazowakilisha doa pofu, huamka mstari au rangi inapolizunguka doa hilo. Kuna kazi inayofanyika pale, angalau kwa vitu sahili kama mstari na rangi. Lakini neno lililoandikwa likiangukia ndani ya doa halirudishwi. Ubongo haubuni herufi.

Jambo hili lina uzito kliniki. Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, huua nyuzi zile zile kidogo kidogo, na mapengo yake hufichika kwa namna hiyo hiyo, hasa kwa kuwa jicho moja hulifidia jingine. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kupoteza sehemu kubwa ya uono wa pembeni huku akiapa kwamba anaona vizuri. Kumuuliza hakutoshi. Huzibwa jicho moja, akakodolea taa ya katikati, na kubonyeza kitufe kila anapoona kimulimuli. Mara kwa mara mashine huwasha kimulimuli ndani ya doa pofu lenyewe. Akibonyeza, mpimaji anajua jicho limehama.